Dwyfor: Wilaya ya Wales Iliyogoma Kuuza Pombe Jumapili

Habari za huko nyumbani ndugu zangu. Wazee mnaotazama kwenye simu za wajukuu, shikamooni.

Hapa nilipo ni Pwllheli, kaskazini magharibi ya Wales, na uwanja huu unaitwa Y Maes. Jumatano hapa ni gulio, utapata kila kitu kuanzia jibini mpaka soksi. Leo ni Jumapili. Ngoja nigeuze kamera... ile baa mnaiona? Iko wazi, watu wamekaa nje na bia zao, hakuna anayemnunia mwenzake. Sasa sikilizeni: mpaka mwaka 1996, baa ya hapa kuuza kilaji Jumapili lilikuwa kosa. Kwingine kote Wales ruksa, hapa marufuku.

Na hii "hapa" ilikuwa na jina lake: Dwyfor. Ilikuwa wilaya, ina halmashauri yake na madiwani wake, makao makuu Pwllheli. Ilianza tarehe 1 Aprili 1974, ikafutwa tarehe 1 Aprili 1996. Siku ya wajinga mara mbili, lakini wala haukuwa utani.

Kabla ya hapo hili eneo lilikuwa sehemu ya mkoa wa zamani wa Caernarfonshire. Serikali ilipopanga upya tawala za mitaa, wakachukua miji midogo mitatu, yaani Pwllheli, Porthmadog na Criccieth, wakaongeza vijiji vya rasi ya Llŷn na kipande cha wilaya ya Gwyrfai, wakaipa jina la mto unaopita humu. Wakazi wote hawafiki 30,000. Kuna kata za Dar es Salaam zinazoizidi mbali!

Kazi zake zilikuwa zile zile mnazozijua: taka, nyumba za halmashauri, vibali vya ujenzi. Hapo sina hadithi. Utamu uko kwenye pombe.

Mwaka 1881 bunge la London lilipitisha sheria ya kufunga baa zote za Wales siku ya Jumapili. Wales ilikuwa imeshikwa na makanisa, Wamethodisti na wenzao, walokole kweli kweli, na vita yao dhidi ya ulevi haikuwa ya mchezo. Watu wa historia huku wanaipenda sana hiyo sheria, kwa sababu ilikuwa muda mrefu mno tangu bunge litunge sheria ya Wales peke yake. Tena jambo lenyewe ni bia!

Bila shaka wajanja hawakukosa mlango wa nyuma. Sheria ilizigusa baa, vilabu vya wanachama haikuvigusa. Ukiwa na kadi ya kilabu, unaingia Jumapili unakunywa kwa raha zako. Kwa hiyo asiyekuwa na kadi ndiye aliyekuwa mtakatifu kwa lazima.

Mwaka 1961 wakabadilisha: wananchi wapige kura wenyewe, kila baada ya miaka 7, eneo kwa eneo. Cardiff na Swansea, miji mikubwa ya kusini, zikafungulia mara moja. Huku kaskazini magharibi wakakataa.

Sasa hapa ndipo mipaka ya 1974 inapoingia, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye hadithi yote. Zamani kura za huku zilihesabiwa pamoja na za Bangor, mji wa chuo kikuu, na Llandudno, mji wa watalii. Baada ya kugawanywa wilaya, Bangor ikaenda Arfon, Llandudno ikaenda Aberconwy. Dwyfor ikabaki na wakulima wake, wavuvi wake na makanisa yake. Unategemea nini? Wilaya nyingine zikawa zinaachia moja baada ya nyingine, na kura ya 1989 ilipohesabiwa, Dwyfor ikabaki peke yake Wales nzima.

Hebu mfikirie mtu wa Porthmadog miaka ile. Pale mjini kuna tuta refu la mawe linaitwa Cob, lilimalizwa mwaka 1811 kuzuia bahari. Upande huu ni Dwyfor, ukivuka ni wilaya jirani ya Meirionnydd. Mwenye kiu Jumapili alikuwa anaweza kulivuka kwa miguu, akapata bia yake kihalali kabisa, akarudi akiimba.

Msije mkadhani hawa watu walikuwa wanapenda tu kukataza. Robo tatu ya wakazi walikuwa wanaongea Kiwelshi, na wageni wenye hela walikuwa wananunua nyumba za likizo mpaka vijana wa vijijini wanakosa pa kuishi. Desemba 1979 nyumba za namna hiyo zilianza kuchomwa moto usiku, na miongoni mwa za mwanzo ni za Nefyn, humu humu Dwyfor. Kwa hiyo mtu akipiga kura ya kufunga baa, wengine walikuwa wanamtetea Mungu, wengine wanatetea kwao. Hivyo ndivyo ninavyoiona mimi.

Aprili 1996 wilaya ikafutwa, ikaunganishwa na Arfon na Meirionnydd kuwa Gwynedd ya leo. Lakini kura ya pombe ya mwaka huo ilipigwa kwa mipaka ile ile ya zamani! Halmashauri imeshakufa, watu wake bado wanapiga kura kama wilaya. Safari hii wakasema ndiyo, baa zifunguliwe. Mwaka 2003 sheria ikaondoa kura hizo kabisa.

Ugomvi wa nyumba za likizo ndio haujaisha. Septemba 2024, Gwynedd ilianza kutaka kibali kabla hujageuza nyumba ya kuishi kuwa ya likizo.

Video ijayo nawapeleka Llanystumdwy, kwenye kingo za mto Dwyfor, alikozikwa David Lloyd George. Alilelewa pale na mjomba wake fundi viatu, na ndiye aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza Tanganyika ilipotoka mikononi mwa Mjerumani. Kama hujajiunga na chaneli, jiunge, usije ukasimuliwa.