Nani Anapanga Bei ya Bunduki?

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Nilipotaja mada hii, wenzangu walicheka: mtu wa uchumi na bunduki, wapi na wapi? Nimeichagua kwa sababu bunduki humzidi umri mnunuzi wake, kwa hiyo kiwanda kikipunja, kitasemwa miaka mingi.

Chukueni Winchester Model 70, bunduki ya uwindaji iliyotoka Marekani mwaka 1936. Vyuma vyake vilichongwa kwa mashine, kisha mafundi wakavirekebisha mpaka vikae sawasawa. Hata vile vimistari vya kitako, vinavyozuia mkono usiteleze, vilikatwa kwa mkono. Kazi safi, ila mishahara ikapanda, na mwaka 1962 washindani wao, Remington, wakaleta Model 700, iliyobuniwa tangu mwanzo iwe nafuu kutengeneza. Winchester wakabanwa. Mwaka 1964 wakabadilisha: vimistari vikawa vya kugandamizwa kwa mashine, na ile kucha ndefu ya chuma inayoidaka risasi mara tu inapotoka kwenye magazini ikaondolewa.

Wawindaji wakanuna. Kucha ile si pambo. Mbele ya nyati aliyejeruhiwa, hakuna anayetaka risasi ikwame. Tuseme haki: bunduki mpya ilipiga shabaha vizuri tu. Lakini aliyezishika zote mbili aliona alipopunjwa, na zile za kabla ya 1964, kuukuu hivyohivyo, zikapanda thamani. Miaka ya 1990 kucha ikarudi.

Msikimbilie kusema rahisi ni duni. Bastola ya Glock 17 ya Austria, ya mwaka 1982, fremu yake ni plastiki iliyomiminwa kwenye kalibu, na vipande vyake ni vichache. Wapo walioicheka. Polisi wa nchi nyingi wakainunua. Je, unafuu wote wa kiwandani ulimfikia mteja? Thubutu! Foleni ikiwa ndefu, nani apunguze bei?

Mwaka 2020 foleni ilizidi. Ukaguzi wa wanunuzi unaofanywa na FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ulikaribia milioni 40, ingawa si kila ukaguzi ni bunduki moja iliyouzwa. Risasi ziliadimika na kupanda bei kwa kasi ambayo gharama za kiwandani pekee haziwezi kuieleza.

Kwetu soko ni dogo. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, huwezi kumiliki bila leseni, wala huzunguki Kariakoo ukilinganisha bei kama mtu anayenunua feni. Mnunuzi wa Dar es Salaam hana ubavu wa kukinunia kiwanda kikamsikia. Halafu kuna hewa yetu ya chumvi. Kiwanda kinachobana matumizi mara nyingi huanzia kwenye kung'arisha chuma na kukipaka kinga, na kutu ya pwani inapafahamu hapo. Ukiletewa ya bei nafuu, ifungue, umulike ndani ya mtutu, upitishe kidole pembezoni mwa vyuma. Penye mikwaruzo ya mashine ambayo haikusuguliwa, ndipo bei ilipopunguzwa.

Karibuni kwa maswali.