Pigeni Hesabu Kwanza

Ndugu zangu, nimelisema hili mara nyingi na leo nalirudia. Anayetaka kujua kwa nini riwaya za mapenzi za enzi ya Rijensi ya Uingereza, yaani mwanzo wa karne ya 19, hazizeeki, aweke kando magauni na dansi, ashike kalamu apige hesabu.

Chukueni Pride and Prejudice ya Jane Austen, iliyotoka Januari 1813. Mzee Bennet anaingiza paundi 2,000 kwa mwaka. Lakini mali ile imefungwa kisheria: akifa, shamba na nyumba vinakwenda kwa jamaa wa mbali wa kiume, Collins. Mabinti wake watano hawapati kitu humo. Najua kuna mtu hapa anayejua mirathi ya Kiislamu, ananiuliza fungu lao liko wapi, maana mabinti watano wasio na kaka wangegawana theluthi mbili. Halipo! Na bila kulielewa hilo mtamcheka bure mama yao anayehangaika kuwaoza. Ana haki ya kuogopa.

Kilichopo ni paundi 5,000 za upande wa mama. Gawanya kwa watano: 1,000 kila mmoja, tena wazazi wakishakufa. Ziweke kwenye hatifungani za serikali za asilimia 4, utapata paundi 40 kwa mwaka. Collins anapomposa Elizabeth, binti wa pili, anamtajia hiyo elfu moja na hiyo asilimia 4 usoni. Elizabeth anakataa, na msomaji anashtuka kwa sababu anajua kilichokataliwa: ni nyumba ileile atakayotolewa baba akishazikwa. Hazipiti siku nyingi, rafiki yake Charlotte, mwenye miaka 27, anaikubali posa ya mtu yuleyule. Msimhukumu Charlotte kabla hamjazitazama zile paundi 40.

Halafu Lydia, binti mdogo kabisa, anatoroka na Wickham, mwanajeshi mwenye madeni. Barua inakuja: Wickham atamwoa kwa paundi 100 kwa mwaka na fungu lake katika zile 5,000. Bennet anapiga hesabu, anaona hasara yake haifiki hata paundi 10 kwa mwaka, kwa kuwa binti alikuwa akimgharimu karibu kiasi hichohicho nyumbani. Anajua papo hapo kwamba mtu mwingine amelipa. Wickham asingekubali chini ya 10,000. Siri kubwa kabisa ya mapenzi katika kitabu kizima inaanza kufichuka kwa kutoa na kujumlisha! Baadaye tunaambiwa: Darcy, tajiri anayempenda Elizabeth, amelipa madeni yanayozidi paundi 1,000, ameongeza 1,000 kwa jina la Lydia, na amemnunulia Wickham cheo cha afisa jeshini.

Mtaniambia siku hizi wanawake wana kazi zao, hesabu hiyo imepitwa. Hapo ndipo wanaoisimulia upya hadithi hii katika mazingira ya leo wanapokwama. Wanabeba maneno makali ya Elizabeth na kiburi cha Darcy, wanasahau kutafuta kitu cha kukaa mahali pa lile shamba lililofungwa. Binti anamkataa mtu, kisha anarudi kazini Jumatatu. Amepoteza nini? The Lizzie Bennet Diaries, mfululizo wa video ulioanza 2012, ulilifikiria hili. Leo kutoroka na mwanamume hakuwafungii dada zako milango yote, kwa hiyo waliweka video ya faragha ya Lydia inayotangazwa kwenye tovuti, na Darcy anainunua kampuni inayoimiliki. Aibu ina uzito, na pesa zina kazi.

Emma, riwaya nyingine ya Austen, ni rahisi zaidi kuihamisha, na sababu iko wazi: Emma mwenyewe ana paundi 30,000, hahitaji kuolewa. Ndiyo maana filamu ya Clueless ya 1995 iliweza kumhamishia kwa binti wa tajiri wa Beverly Hills, na hadithi ikasimama.

Muda unaniishia. Persuasion, ya Austen pia: Wentworth, afisa wa jeshi la majini, anakataliwa na mpenzi wake akiwa hana kitu, anarudi baada ya miaka minane na paundi 25,000, sehemu yake ya meli za adui zilizotekwa. Someni wenyewe. Georgette Heyer, mwandishi wa karne ya 20 aliyeandika riwaya za enzi hiyo, kuanzia Regency Buck ya 1935, anahitaji mhadhara wake.

Lakini msiondoke bila Longbourn ya Jo Baker, ya 2013, inayorudi nyumbani kwa akina Bennet. Elizabeth anatembea maili 3 kwenye tope kwenda kumwona dada yake mgonjwa, nasi tumemsifu kwa miaka 200. Baker anauliza nani alizifua zile nguo, na ametuandikia riwaya nzima ya yule mfuaji.