Seji haitaki kudekezwa: mazungumzo ya bustani, Tanga

Assalaam aleikum, na wazee wangu shikamooni. Nimeombwa niongelee seji, hii salvia ya kudumu, ile unaipanda mara moja inakaa miaka. Naona wengi mmekuja na daftari kwa hiyo ntajitahidi nisikimbie.

Jambo kubwa ni hili, jua la Tanga haliui seji, maji ndo yanaua. Mtu anasema ah mimea ya Ulaya hii, joto letu haiwezi, halafu ukienda kwake unakuta udongo mweusi umejaa samadi, maji asubuhi maji jioni, mizizi inaoza kule chini majani yananyauka, na yeye akiona yamenyauka anaongeza maji. Jamani!

Seji ya jikoni, Salvia officinalis, kwao ni nchi za Mediterania, inaota vilimani kwenye mawe ya chokaa na kiangazi chao ni kikavu kwelikweli. Sasa chokaa nani anatuzidi? Mapango ya Amboni ni chokaa, Pongwe wanachimba chokaa wanatengeneza saruji, huku ufukweni chini yetu ni matumbawe. Ule udongo wa changarawe mnaosema haufai hata mchicha, huo ndo seji inautaka! Changanya udongo na kokoto ndogo nusu kwa nusu, inua tuta kama sentimita 30, samadi iliyooza weka kiganja tu, ukizidisha unapata majani malegevu yasiyo na harufu. Mchanga wa baharini hapana, una chumvi, tafuta wa mtoni.

Kupanda ni Juni. Masika imeshakata, kusi inavuma, usiku umepoa kidogo, na mche unapata muda wa kushika mizizi kabla vuli haijafika Oktoba. Wiki za mwanzo mwagilia, ukishashika ingiza kidole kwenye udongo, ukikuta bado una unyevu achana nao mpaka kesho. Mche na mche viachane sentimita 45 hadi 60 upepo upite, maana hewa yetu nzito hii inaleta ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama unga juu ya majani.

Sasa aina, hapa ndo pesa zinapotea. Salvia ziko spishi karibu 1,000, ukoo mmoja na mrehani, kivumbasi na nanaa, papasa shina utaona lina pembe nne. Lakini ile nemorosa ya zambarau mnayoiona kwenye picha, kama Mainacht aliyoitoa Karl Foerster wa Ujerumani 1956, hiyo imezoea kulala chini ya theluji miezi kadhaa halafu ndo iamke ichanue, mi siwashauri kuileta huku chini. Mwenye kwao Lushoto, mita kama 1,400 kwenda juu, huyo ajaribu. Sisi tupande coccinea nyekundu na farinacea ya bluu, hizi asili yake ni Mexico na majimbo ya kusini mwa Marekani, joto wanalijua, na coccinea ikidondosha mbegu inajiotesha yenyewe. Officinalis iwe kwenye chungu chenye matundu ya kutosha, masika ikizidi unakisogeza barazani.

Na ngoja niseme kuhusu maua yake maana mi hapa napapenda sana. Salvia nyingi za nyuki zina kitu kama mtambo ndani ya ua, nyuki akisukuma kichwa kufuata asali, kikonyo kinacholeta chavua kinainama kinampaka mgongoni, akienda ua lingine anaiacha kule. Chukua chelewa ya ufagio, isukume ndani polepole utaona kinashuka chenyewe. Zile nyekundu chavua imetokeza nje kabisa, chozi akija na mdomo wake mrefu inamgusa kichwani. Ukipuliza dawa ya wadudu wakati wa maua umewafukuza wote hao, utitiri ukiingia osha majani kwa maji ya presha kwa chini, inatosha.

Kupogolea, maua yakiisha kata vikonyo vichanue tena. Officinalis usikate mpaka kwenye mti mkavu ule wa kahawia, mara nyingi hauchipui tena, kata kwenye laini penye majani. Baada ya miaka mitatu minne inakuwa mti mti tu, otesha mpya.

Na akina mama wanaouliza chai yake, ni ya officinalis tu, hizi za maua haziingii jikoni. Mjamzito asiinywe, na mafuta yake yasinywewe na mtu yeyote, yana thujoni, ikizidi ni sumu ya neva.

Vijiti vya seji vya kuotesha viko kwenye ndoo pale mlangoni, kila mtu achukue viwili. Toa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga wa mtoni, weka kivulini, baada ya wiki tatu nne vuta kidogo, kikikataa kutoka ujue kimeshika. Haya, aliyenyoosha mkono kule nyuma, uliza.