Hasikii Maumivu, Lakini Hajapona

Ahsanteni. Najua wapo humu walionisikia nikilisema hili, na leo watalisikia tena. Nyama za paja. Hakuna msuli unaochanika mara nyingi katika soka la kulipwa kuliko huu wa nyuma ya paja, na bado tunauuguza kama mafua: apumzike wiki mbili tatu, maumivu yakiisha apangwe.

Tazameni kwanza unavyochanika. Mchezaji yuko kwenye mbio zake zote. Mguu umerushwa mbele, goti linanyooka, na kabla tu wayo haujagusa nyasi, msuli ule unatakiwa kufunga breki. Unavutwa huku umekaza. Hapo ndipo unapoachia, mara nyingi upande wa nje wa paja. Sasa niambieni, huyu mliyemzungusha uwanja siku kumi kwa mchakamchaka, breki hiyo ameijaribu lini? Atawaambia hasikii kitu, wala hadanganyi. Mbio za polepole haziuvuti msuli kiasi cha kuupima. Kipimo anakikuta dakika ya 70 akifukuzia mpira mrefu, na jukwaa zima linaona mkono ukienda nyuma ya paja.

Hapo ndipo majeraha ya kujirudia yanapotokea, hasa miezi miwili ya mwanzo baada ya kurudi, na mara nyingi safari ya pili humweka nje muda mrefu kuliko ya kwanza. Kocha aliyemtaka Jumamosi moja anamkosa Jumamosi nane.

Kuna mtu hapo nyuma anatikisa kichwa, nadhani anataka kumtaja Michael Owen, yule mshambuliaji wa Liverpool na England aliyeumia paja na bado akang'ara. Haya, tumtaje. Aprili 1999, akiwa na miaka 19, paja lilimwachia dhidi ya Leeds. Hakufanyiwa upasuaji. Mwaka 2001 akatwaa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya, nanyi mnasema: si unaona? Naona. Naona pia kwamba mwenyewe amerudia kusema kasi ile haikurudi, na misuli ikaendelea kumsumbua mpaka alipostaafu 2013. Ballon d'Or aliichukua kwa umaliziaji. Mbio za kijana wa Kombe la Dunia 1998 hazikuwepo tena.

Dawa yenyewe ni zoezi lisilo na gharama, ndiyo maana inanikera. Mchezaji anapiga magoti, mwenzake anamkandamizia vifundo vya miguu chini. Kutoka magotini hadi kichwani awe mstari mmoja. Anajishusha mbele taratibu, paja likizuia, mpaka lishindwe. Anajidaka kwa viganja na kujisukuma arudi juu. Wiki ya kwanza afanye siku moja tu, seti 2 za mara 5. Ya pili, siku mbili, seti 2 za mara 6. Ya tatu, siku tatu, seti 3 za mara 6 hadi 8, na ya nne mara 8 hadi 10. Kuanzia wiki ya tano hadi ya kumi ni seti 3: ya kwanza mara 12, kisha 10, kisha 8. Msimu ukianza, siku moja kwa wiki inatosha.

Yanayoharibika ni mawili. Mchezaji anakunja kiuno na kubinua makalio, uzito unaliondokea paja, naye anajiona hodari. La pili, timu inaruka hatua na kuanza na 12, wote wanaamka hawawezi kushuka ngazi, na nahodha anakwenda kulalamika kwa kocha. Zoezi linafutwa. Au linapangwa siku ya kuamkia mechi, halafu tunashangaa kwa nini wachezaji wanalichukia!

Na kabla ya kumrudisha: nguvu ya paja lililoumia isipungue kwa zaidi ya asilimia 10 ya lile zima, na awe amekwisha kimbia kasi yake ya mwisho mazoezini, siku kadhaa, si mara moja mbele ya kocha.

Naona mwenyekiti anaangalia saa. Goti, basi, kwa haraka: ligamenti ya mbele, ule ukano unaoshikilia mifupa ya goti, ikishakatika na kuunganishwa, kurudi uwanjani chini ya miezi tisa msiniulize. Maji ya barafu, dakika 10 hadi 15, nyuzijoto 10 hadi 15, yanafaa mechi zikibanana. Kila baada ya mazoezi ya nguvu hapana, yanapunguza ukuaji wa msuli mliotoka kuutafuta. Usingizi nilikuwa na nusu saa nzima juu yake. Nitasema hili tu: mechi ya usiku, kahawa ya mapumziko, halafu mazoezi saa mbili asubuhi, ratiba hiyo aliyeipanga alilala vizuri. Sindano za ganzi tutazigusa kwenye maswali, mkiniuliza. Niulizeni.