Matairi ya Njumu: Mhadhara kwa Vijana Wanaokwenda Kusoma Ufini

Mabibi na mabwana, na hasa nyinyi vijana mnaojiandaa kwa safari ya Ufini, nawashukuru kwa kuja hapa Tononoka jioni hii pamoja na joto lote hili. Nimeombwa nizungumzie baiskeli katika majira ya baridi, nami nitajifunga kwenye matairi peke yake, kwa kuwa habari ya koti zito mtaambiwa na kila mtu.

Tairi la njumu ni tairi la kawaida ambalo mpira wake umepachikwa vipande vidogo vya chuma vinavyochomoza kidogo tu ili viume barafu. Wanunuzi wengi huanza kwa kuhesabu njumu, na kwa maoni yangu huko ni kuanzia mwisho. La kuuliza kwanza ni njumu zimepangwa wapi, kisha zimetengenezwa kwa kitu gani. Chukueni matairi mawili ya njumu ya Kifini yaitwayo Hakkapeliitta: W106 ina njumu 106 katika mistari miwili, na W240 ina njumu 240 katika mistari minne. Mtu anayekwenda moja kwa moja juu ya barafu tambarare atatoshwa na ile ya kwanza. Lakini theluji nyevu ikishakanyagwa na magari mchana, ikaganda usiku, asubuhi njia huwa na mifereji migumu, na gurudumu linapojaribu kutoka ndani ya mfereji huo, sehemu inayogusa ukingo ni ubavu wa tairi. Pasipo njumu ubavuni, gurudumu hukwama na mwendeshaji huanguka. Hapo ndipo mistari ya pembeni inapolipa bei yake, ingawa tairi lenyewe lina uzito wa karibu kilo moja.

Kuhusu kitu kilichotumika, msikubali chochote kisichokuwa kabidi ya tungsteni, kwani njumu za chuma cha kawaida huliwa upesi na lami.

Mji nao una neno lake. Oulu, iliyo karibu na latitudo ya nyuzi 65 kaskazini, baridi yake hukaa chini ya sifuri kwa muda mrefu, na njia za baiskeli huwa na theluji iliyoshindiliwa, ambayo haitelezi sana. Helsinki iko pwani kama sisi, na huko halijoto hupanda na kushuka kandokando ya sifuri, barafu ikiyeyuka na kuganda tena, na barafu iliyo karibu na kuyeyuka ndiyo yenye utelezi mbaya kuliko zote. Anayekwenda Helsinki, basi, asidhani kwamba anazihitaji njumu kidogo kuliko mwenzake wa kaskazini. Ama theluji laini yenye kina, hiyo haijali njumu. Hutaka tairi pana lenye meno makubwa ya mpira.

Fedha zikitosha tairi moja tu, lifungwe mbele. Gurudumu la nyuma likiteleza, mara nyingi mtu huwahi kujiweka sawa. La mbele likiteleza, huna nafasi hiyo.

Kwenye vipimo, tahadhari kwa waliokulia juu ya baiskeli ya black mamba: tairi lake la inchi 28 hukaa kwenye rimu ya milimita 635, na la Ulaya linaloitwa 28 vilevile hukaa kwenye rimu ya 622. Hayaingiliani hata kwa nyundo ya fundi. Someni tarakimu za milimita ubavuni mwa tairi, na mhakikishe madigadi yana nafasi ya kupitisha njumu.

Upepo wa ndani ya tairi nao hubadilika na baridi. Ukijaza PSI 40, yaani kipimo cha shinikizo la upepo, chumbani kwenye nyuzi 20, ukatoka nje kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, tairi likishapoa litabaki na takriban 32. Upungufu huo si hasara siku ya barafu, maana tairi laini hulala na kushusha njumu za pembeni chini, mradi usishuke chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye tairi. Siku ya lami kavu, ongezeni.

Mwisho, tairi likiwa jipya, liendesheni kwanza kwenye lami kwa kilomita 40 hivi bila kufunga breki kwa nguvu wala kukanyaga kwa pupa, ili njumu zikae sawasawa ndani ya mpira, zikiharakishwa, hung'oka. Sasa nayakaribisha maswali.