Karani Akisema Mizani Ina Kasoro

(Mhadhara kwa viongozi wa AMCOS za korosho, yaani vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, Masasi)

Ndugu wenyeviti, makatibu na watunza ghala, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie utamaduni wa kazi. Nitaanzia kwenye mizani, maana ndipo mkulima anapokijua chama chake. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho za Mtwara zinauzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima anakabidhi mzigo, anasubiri mnada, hela baadaye. Anatuamini kabla hajalipwa.

Sasa tuseme ni Oktoba, foleni imefika barabarani. Karani, kijana tu, anamfuata mwenyekiti: "Mzee, mizani hairudi sifuri." Mwenyekiti akimjibu, "Wewe pima, watu wamechoka," basi amefundisha ghala zima. Wapagazi wamesikia, na mama aliyekalia magunia yake naye amesikia. Kijana yule hatasema tena. Atanyamaza korosho mbichi zikichanganywa na kavu, atanyamaza mzigo wa kangomba, ule ulionunuliwa kwa mkulima kinyume cha sheria nje ya chama, ukiingizwa kwa jina la mkulima. Halafu tunashangaa mnunuzi akilalamikia ubora!

Edgar Schein, profesa wa Marekani aliyefundisha chuo kikuu cha MIT, aliandika mwaka 1985 kwamba watu hujifunza utamaduni kwa kumtazama kiongozi: anafuatilia nini, anafanyaje mambo yakiharibika, anampandisha nani. Kule Toyota, mfanyakazi akiona kasoro huvuta kamba au hubonyeza kitufe cha kuita msaada, kiongozi wa timu humfuata palepale, na wasipoimaliza haraka kazi husimama. Kazi inamsubiri mtu wa chini kabisa. Mimi hilo naliheshimu sana.

Kaulimbiu za ukutani sizikatai, pakeni rangi. Ila utamaduni unapangwa kabla ya msimu, kwenye mkutano, wanachama wakisikia: karani anaruhusiwa kusimamisha mizani bila kuomba ruhusa kwa mtu. Na siku akiisimamisha, jua kali, watu wanafoka, asiachwe peke yake. Kiongozi atoke, aieleze foleni kilichotokea, amtaje karani kwa wema mbele ya wote. Msimu ukiisha mkitafuta karani mkuu, mkumbukeni huyo, hata kama mpwa wa mwenyekiti naye anaitaka nafasi. Najua hapo pagumu. Wanachama wanapaangalia kuliko pote.

Kabla ya chai, kila chama kiniandikie jambo moja: mizani ikisimamishwa, nani atatoka kuzungumza na foleni? Nataka jina la mtu.