Hesabu ya Moshi Ifanywe kwa Eneo Zima, si kwa Mji

Ndugu wasikilizaji, mkunjo wa Kuznets mnaujua: mji unajenga viwanda, unachafuka, ukishatajirika unajisafisha. Siurudii. Ninachouliza ni kile ambacho mchoro ule haujibu: uchafu ulioondoka umekwenda wapi?

Chukueni Beijing. Kiwanda cha chuma cha Shougang kilikuwa humo humo mjini, upande wa magharibi. Kufikia mwisho wa 2010 matanuru yalikuwa yamezimwa, kazi ikahamia Caofeidian, pwani ya Tangshan katika mkoa wa Hebei, kama kilomita 220 kutoka hapo. Katika vitabu vya Beijing huo ni ushindi, maana salfa imeshuka na pato linakua kwa huduma. Katika vitabu vya Tangshan ni ushindi vilevile: ajira, kodi, bandari. Kila mji umeandika faida yake. Moshi kauandika nani?

Tuufuate moshi wenyewe. Tani moja ya chuma cha tanuru la makaa hula takriban tani 1.4 za madini na kilo 780 za makaa ya mawe. Vumbi zito huanguka jirani na kiwanda, likawaumiza wenyeji. Dioksidi ya salfa na oksidi za naitrojeni hazianguki upesi hivyo. Husafiri zikiwa gesi, na njiani, kwa saa kadhaa hadi siku kadhaa, hugeuka salfeti na naitreti, zikashikana na amonia itokayo mashambani, zikawa chembe za PM2.5, yaani zile ndogo mno zinazopenya hadi ndani ya mapafu. Upepo wa kilomita 15 kwa saa humaliza kilomita 220 kwa muda wa saa 15 hivi. Ndiyo maana anayepima mji wa pili hukuta chembe ambazo hakuna bomba lake lililozitoa. Na Beijing imezibwa na milima kaskazini na magharibi: upepo dhaifu wa kusini ukileta hewa hiyo, inatuama.

Najua kuna atakayesema kiwanda kipya ni cha kisasa, kinanasa salfa. Kwa kila tani, kweli. Lakini mapafu yanapokea jumla, si wastani wa tani. Punguza uchafu wa kila tani kwa nusu, kisha zidisha tani mara tatu: hewa imechafuka mara moja na nusu ya awali. Na Hebei ndiyo ile iliyotoa karibu tani milioni 250 za chuma mwaka 2020, zaidi ya mara mbili ya India nzima.

Nafuu ilikuja miji ilipohesabiwa pamoja. Mpango wa serikali ya China wa 2013 uliitaka Beijing, Tianjin na Hebei zipunguze PM2.5 kwa asilimia 25 kufikia 2017. Mwaka huo wa 2017 ukaongezwa utaratibu wa Beijing, Tianjin na miji 26 jirani. Wastani wa Beijing ulishuka kutoka mikrogramu 89.5 kwa mita ya ujazo hadi 58. Lakini gharama ililipwa na nani? Majira ya baridi ya 2017 vijiji vya Hebei vilikatazwa makaa kabla gesi haijafika; watu walikaa na baridi hadi serikali ikaruhusu makaa tena mwezi Desemba. Hilo linanikasirisha kila ninapolisema. Bomba la gesi lilipaswa kutangulia katazo, na mji tajiri ulipaswa kulilipia.

Maji niyapitie haraka. Kwenye mto Xin'an, tangu 2012, mkoa wa Anhui ulio juu na wa Zhejiang ulio chini hupima pamoja mpakani: kipimo cha pamanganeti (kinachoonyesha uchafu wa asili ya viumbe majini), amonia, fosforasi na naitrojeni. Katika awamu ya kwanza, maji yakifaa Zhejiang iliilipa Anhui yuani milioni 100 kwa mwaka. Yasipofaa, Anhui ndiyo iliyolipa.

Hewa haina sehemu moja ya kuchota sampuli, kwa hiyo inataka daftari moja la miji yote: kila bomba la moshi, kimo chake, joto la gesi, na kilo zinazotoka kwa saa. Ya malori sitayafikia leo. Anzeni na mabomba yaliyo karibu na mipaka ya miji, kwa sababu huko ndiko ukaguzi unakolegea: kodi inabaki kwa mwenye kiwanda, moshi unavuka.